Mwezi wa Kumi: Mvua Haingojei Mshahara



Tazameni nje. Vumbi limekaa juu ya majani ya miembe, jakaranda za Lubumbashi zimechanua, na kule porini miti imetoa majani mapya mekundu hata kama tone moja la mvua halijaanguka. Watu wa Ulaya wanapata majira yao ya maua mwezi wa tatu na wa ine. Sisi wa Katanga tunayapata mwezi wa tisa na wa kumi, pamoja na joto. Maji ya kisima yameshuka, mama anaamka kukiwa giza kupanga bidoni, na baba anayerudi kutoka kazi ya usiku hapati usingizi mchana chini ya bati. Watoto wanasumbuka, mbu wanaimba, kila mtu ana hasira kidogo.

Ni katika mwezi huu wa hasira ndipo jamaa inapaswa kuamua itakula nini mwezi wa pili na wa tatu. Hilo ndilo neno ninalotaka tuzungumze.

Hesabu pamoja nami matumizi ya mwezi wa kumi. Masomo yameanza mwezi wa tisa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 Serikali imeondoa malipo katika masomo ya msingi ya Serikali, na wazazi wengi walishukuru. Lakini kaye, viatu, nguo za masomo, na minervali ya wakubwa walio sekondari, hayo yote yanangoja mfuko wa baba. Bati linalovuja linataka misumari. Chandarua cha mbu kimepasuka. Na katika msongamano huo, mbegu ya mahindi inasimama nyuma kabisa, kimya, kwa sababu mbegu haimfukuzi mtoto darasani wala hailii usiku.

Wazee wetu wa kambi watasema: "Sisi hatukuwa na mateso hayo." Wanasema kweli. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilipotaka watumishi wakae na wasikimbie, tangu miaka ya 1920 iliwaacha waje na bibi zao, ikawapa nyumba, hospitali, masomo, na posho: unga kwa baba, unga kwa mama, unga kwa kila mtoto. Gécamines ilifuata njia ileile. Unga ulitoka kwa kazi sawa maji yanavyotoka kwa robine. Shamba likawa kazi ya mama, au mchezo wa siku ya mapumziko. Halafu mwezi wa tisa mwaka 1990 machimbo ya Kamoto yakaanguka, kazi ikadidimia, mishahara ikapotea miezi na miezi. Mwaka 2003 na 2004 watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja. Wengine walilipa madeni, pesa ikaisha kabla ya kufika nyumbani. Mimi siwacheki wazee hao. Walidaiwa kila mahali. Lakini posho ilikufa, na mazoea ya posho bado yanaishi ndani ya nyumba zetu, hata kwa vijana waliozaliwa wakati posho haipo tena. Tunafikiri unga utatoka mahali fulani.

Na unatoka wapi? Kwa sehemu kubwa unapita Kasumbalesa, unatoka Zambia na nchi za kusini. Mwaka 2024 mkumbuke. Mvua ilikataa kule, na tarehe 29 mwezi wa pili rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa msiba wa taifa. Mkono wa jirani ukifungwa, bei ya mfuko wa kilo 25 inapanda hapa kwetu, na bukari inapungua sahanini. Mshahara wako haujui habari hiyo. Unabaki vilevile.

Sasa sikiliza mazungumzo haya. Mama mmoja alinisimulia, na sidhani ni ya nyumba yake peke yake:

"Baba ya batoto, mvula iko karibu. Mbegu tutanunua na nini?"

"Utaona."

"Nitaona lini? Hawajalipa?"

"Walilipa. Iliisha."

"Iliisha wapi?"

Hapo baba akavaa kofia, akatoka.

Ndugu yangu mwanaume, swali la "iliisha wapi" si matusi. Wengi wetu tunalisikia kama matusi kwa sababu tunafikiri mshahara ni siri ya mwenye kutumika. Bibi yako anajua mtoto gani ana homa, anajua chumvi imebaki vijiko vingapi, lakini hajui unalipwa kiasi gani! Basi atapanga nyumba namna gani? Anapanga kwa kubahatisha, na ukimkuta amekosea unagomba. Na wewe mama, ninajua kuna akiba ya likelemba iliyofichwa chini ya nguo. Ulianza kuificha kwa sababu uliona mambo. Sikulaumu sana. Lakini hesabu mbili zilizofichwa ndani ya nyumba moja haziwezi kununua mbegu moja.

Katika nyumba ile, pesa iliishia kwa Banki Lamberi. Mnaijua, haina kibao mlangoni. Baba alikopa 100 mwezi wa tisa kwa ajili ya minervali, arudishe 150 mwisho wa mwezi. Hakuweza. Akalipa faida 50, na deni la 100 likabaki palepale. Mwezi wa kumi tena 50. Kabla ya mvua ya kwanza ametoa 100 nzima, na bado anadaiwa 100. Alinyamaza kwa haya. Bibi alipojua, hakupiga kelele. Alitoa zamu yake ya likelemba, wakakata shina la deni, wakabaki na kidogo cha mbegu. Kama angesema mwezi wa tisa, wangeokoa hizo 100.

"Mbegu ya kiasi gani?" utauliza. Chukua robo ya hekta, yaani mita 50 kwa mita 50. Inataka mbegu kilo 5 au 6, mistari ikiachana sentimeta 75. Tuseme huna mbolea, na unavuna vibaya kama wengi wetu tunavyovuna, kilo 800 kwa hekta. Robo yako itakupa kilo 200. Hiyo ni sawa na mifuko 8 ya kilo 25. Haitawalisha ninyi nyote mwaka mzima, lakini hiyo ni mifuko 8 usiyoinunua. Ukiongeza maboga na karanga pembeni, na lengalenga karibu na nyumba, mama anapumua. Yosefu kule Misri aliweka sehemu moja ya tano wakati chakula kilikuwa kingi. Sisi tunangoja njaa ndipo tuitishe mkutano.

Mahali pa shamba pia patazamwe. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wanaokaa chini ya kilometa 3 kutoka machimbo na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mkojoni, na watoto walizidi wakubwa. Usimwagilie mboga kwa maji yanayotoka kiwandani. Osha sombe na matembele vizuri kabla ya kupika. Na wewe baba, salopeti ya kazi isifuliwe katika beseni moja na nguo za mtoto mchanga. Vumbi lile ulilichukua kazini, liishie mlangoni.

Vijana, msifikiri haya ni ya wazazi tu. Ninyi ndio mnaoondoka. Minervali ikikosekana mwezi wa kumi, kijana anaacha kaye na kufuata wenzake kwenye mashimo ya Kolwezi au Kambove. Anasema atarudi darasani akipata kitu. Sheria inakataza mtoto asiyefikia miaka 18 kuchimba, lakini shimo haliombi karatasi. Na mwezi wa kumi ndio mwanzo wa hatari, kwa sababu mvua inalainisha udongo na kuta za mashimo zinaanguka. Nimezika vijana mwezi wa kumi na mbili. Kwa hiyo baba na mama wakikaa kuhesabu, mkubwa wa watoto akae nao. Akisikia kwa masikio yake kwamba sehemu moja inalipwa sasa na nyingine mwezi wa kumi na mbili, atakuwa na neno la kumwambia mwalimu, na atakubali kulima Jumamosi bila kununa.

Fanyeni hivyo siku mshahara unapotoka, jioni, mkiisha kula, wala si njiani wala mbele ya wageni. Wekeni pesa yote mezani. Toeni ya masomo, toeni ya deni, toeni ya mbegu, halafu ndipo mwone ya nyama. Nyumba isiyo na mshahara, inayoishi kwa kuuza makala au ndagala, ifanye vilevile kwa juma.

Mbegu ikinunuliwa, itundikeni juu, pakavu, mbali na panya. Na mvua ya kwanza ikipiga bati, watoto wakaruka uani, msikimbie kupanda siku hiyohiyo. Mara nyingi mvua ya mwezi wa kumi inadanganya. Inanyesha mara moja, kisha jua linarudi majuma mawili na mbegu inakauka ardhini. Tumieni siku hizo kumalizia kulima, kufunika kisima, na kuchimba mfereji ili maji ya choo yasiingie humo, maana kipindupindu kinafuata mvua. Pandeni wakati udongo umelowa hadi kiganja kizima chini na mvua imerudi mara ya pili na ya tatu, karibu katikati ya mwezi wa kumi na moja.