Mkono Utangulie Mashine: Kuwafundisha Vijana Useremala

Kijana wa miaka 12 hadi 17 anaweza kufundishwa useremala kwa aina kumi hivi za vifaa, bila umeme: msumeno, randa, patasi mbili tatu, nyundo ya mti, skwea, mahati ya kuchorea mistari, futi, penseli, kisu, kinoo, na meza imara yenye jiriwa ya kubania ubao. Wazazi wengi huiona hii kuwa njia ya asiye na uwezo wa kununua mashine. Lakini hata penye mashine, mkono ndio unaofaa kutangulia, kwa kuwa kosa la mkono huja polepole. Msumeno ukianza kuhama mstari, mwanafunzi huliona kosa likiwa bado la milimita moja, akalirekebisha. Msumeno wa umeme humaliza ubao kabla jicho halijajua kilichotokea. Tena ipo sheria: Tanzania, kwa mfano, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa kazi ya hatari aliye chini ya miaka 18, na mashine za kupasulia mbao si za kuchezea.

Kuingiza useremala shuleni kama sehemu ya malezi, na si kwa ajili ya kupata mafundi tu, kulishika mizizi Ulaya ya kaskazini. Finland iliweka kazi za mikono katika shule zake za umma mwaka 1866, kwa fikra za mwalimu Uno Cygnaeus. Jirani zao wa Sweden wakampata Otto Salomon (1849–1907), aliyeendesha chuo cha walimu huko Nääs, karibu na Gothenburg, na walimu wa nchi nyingi wakaenda kujifunza kwake. Mfumo wake, ulioitwa slöjd, ulikuwa na kanuni mbili ambazo bado hazijazeeka. Kila anachotengeneza mtoto kiwe ni kitu cha kutumika nyumbani, na vitu hivyo vipangwe kwa safu, kila kimoja kikiongeza ugumu kidogo juu ya kilichotangulia. Kifaa cha kwanza kilikuwa kisu, kwa sababu mtoto wa kijijini alikwisha kukizoea kabla ya kuingia darasani.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na shule yake ya namna nyingine: uanagenzi. Lamu na Unguja, kijana hukaa kwa fundi wa milango au wa majahazi, akafagia maranda, akashika ncha ya pili ya ubao, akatazama, hatimaye akapewa patasi. Njia hiyo hutoa mafundi wenye jicho kali. Ubaya wake ni kwamba mafunzo hufuata kazi zilizoletwa na wateja. Pasipokuwa na oda ya kabati, somo la kabati halipo. Shule nazo zina upungufu wao. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985 uliingiza masomo ya ufundi katika shule za msingi, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na useremala ukabaki ubaoni, kwa chaki. Mwalimu mzuri huchukua utaratibu wa shule na mazoezi ya kwa fundi.

Somo la kwanza ni kunoa. Walimu wengi huliacha hadi mwishoni, au huwanolea wanafunzi wenyewe ili kuokoa muda, na hapo ndipo mafunzo mengi yanapoharibikia. Patasi butu humlazimu kijana kusukuma kwa nguvu zote. Ikiteleza, huteleza kwa nguvu hizo hizo. Iliyonolewa vizuri huingia kwa kusukumwa kidogo, na mwanafunzi hubaki akiitawala. Bapa la patasi au la ulimi wa randa hunolewa kwa mwinamo wa nyuzi 25 hivi, kisha ncha yenyewe hupewa nyuzi 30 ili makali yasimomonyoke upesi. Upande wa nyuma hulazwa bapa kabisa juu ya kinoo na kusuguliwa mpaka ung'ae karibu na ncha, jambo ambalo vijana hulidharau mpaka waone patasi ikikataa kukata. Chuma husuguliwa mpaka kijikunjo chembamba kisichoonekana kijitokeze upande wa pili, kinachohisiwa kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali. Kikihisika upana wote, kinaondolewa kwa kugeuza chuma na kukisugua kidogo. Jaribio la mwisho ni kukata ncha ya ubao wa msonobari, mahali nyuzi za mti zinapoishia. Chuma kikali huacha uso laini. Butu huziponda nyuzi na kuacha uso mweupe uliochakaa.

Baada ya makali ni mistari. Ubao huchaguliwa uso mmoja na ukingo mmoja ulionyooka, vikawekewa alama, na vipimo vyote huanzia hapo. Mwanafunzi anayepima mara huku mara kule hupata kisanduku kilichopinda hata kama kila kipimo kilikuwa sahihi. Penseli hutosha kwa mistari ya kukadiria; penye kiungo, mstari hukatwa kwa kisu, kwa sababu mkato wa kisu una upande mmoja tu wa kuufuata na patasi hujikalisha humo yenyewe.

Msumeno hauhitaji nguvu. Kidole cha shahada hunyooshwa kando ya mpini, kiwiko huwa katika mstari mmoja na bapa, na mkato huanzishwa kwa kuvuta nyuma taratibu. Meno ya msumeno wa kukata ubao kwa upana yamechongwa kama visu vidogo, ili yazikate nyuzi. Ya msumeno wa kupasua kwa urefu yako kama patasi ndogo, nayo hukwangua. Kijana akipewa msumeno usio wa kazi yake atachoka, na atadhani kosa ni la mkono wake. Urefu wa meza nao huchosha usipoangaliwa: meza ya kupigia randa hufaa ifike usawa wa kifundo cha mkono wa mtu aliyesimama, na kwa kuwa darasa moja lina wa miaka 12 na wa 17, jukwaa la mbao la kusimamia wadogo ni rahisi kuliko kununua meza mbili.

Randa ndiyo inayowapendeza vijana kuliko vyote, kwa sababu ya maranda marefu yanayojikunja. Ndiyo pia inayofundisha nyuzi. Ikipigwa kufuata nyuzi zinavyopanda, uso hutoka laini. Ikipigwa kinyume, huchomoa vipande na kuacha mashimo. Fundi hutazama ukingo wa ubao kuona nyuzi zinaelekea wapi, na penye shaka hugeuza ubao tu. Hapo hapo huelezwa kwamba mbao haitulii: hunywa unyevu na kuutoa, ikatanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Ndiyo maana uso mpana wa meza uliogongomewa misumari pande zote hupasuka kiangazi.

Mbao za kuanzia ziwe laini na zenye nyuzi zilizonyooka. Msonobari wa mashambani, kama unaotoka Sao Hill wilayani Mufindi, au saiprasi, hupatikana kwa bei nafuu, na ubao wa inchi moja kwa nane hutosha kazi nyingi za mwanzo. Mninga na mvule zisubiri. Mpingo usiguswe: huua makali kwa dakika chache na kumvunja moyo anayeanza.

Safu ya kazi inaweza kuanza na kibao cha kusukumia chapati, kinachohitaji vipimo, msumeno na randa tu. Hufuata kisanduku chenye pembe za kuunganisha kwa misumari na gundi, kisha kigoda chenye ulimi na tundu. Kibao cha mbuzi hufaa sana baada ya hapo. Mbao zake mbili hupishana, moja ikipita katika tundu la nyingine, na tundu likilegea mwenye kukuna nazi atalalamika siku hiyo hiyo. Hakuna mtahini mkali kuliko huyo. Wanaofuzu hupewa watengeneze marfaa, kile kishikio cha msahafu kinachokunjwa. Hutengenezwa kwa ubao mmoja tu bila bawaba wala gundi. Katikati huchongwa vidole vinavyopishana, vingine kutoka uso huu na vingine kutoka uso ule, hadi nusu ya unene. Kisha ubao hupasuliwa ndani ya unene wake kutoka ncha zote mbili hadi kwenye vidole, ukafunguka. Kidole kimoja kikikatika, kazi imeharibika, ndiyo maana si kazi ya mwezi wa kwanza.

Usalama hauhitaji hotuba ndefu. Ubao ubanwe, usishikwe kwa mkono. Mikono yote miwili iwe nyuma ya makali ya patasi. Na asisimame mtu mbele ya anayesukuma. Mwalimu mmoja asichukue kundi kubwa kuliko anavyoweza kuiona mikono yote kwa wakati mmoja.

Kumalizia kazi huendana na matumizi. Kibao cha chapati huachwa kitupu. Mafuta ya nazi hayakauki yakipakwa kwenye mbao. Ya kitani hukauka na kutengeneza ngozi ngumu, lakini vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandazwe nje mpaka vikauke, kwani vikirundikwa huweza kuwaka moto vyenyewe.

Mashine huingia baadaye, kwa aliyefikia umri na aliyekwisha kujua nyuzi zinaelekea wapi. Mbao zilizotoka kwenye mashine ya kuranda huwa na mawimbi madogo yanayoonekana zikielekezwa kwenye mwanga, na anayejua randa ya mkono huyaondoa kwa mipigo michache.