Mume Amestaafu, Je, Mke?

Katika nchi yetu ya Kenya mtumishi wa Serikali hustaafu akitimiza umri wa miaka 60. Kabla ya mwaka 2009 umri huo ulikuwa miaka 55. Siku yake ifikapo hufanyiwa karamu ndogo ofisini, husifiwa kwa hotuba, hupewa zawadi ya saa ya ukutani au blanketi, kisha hufunga mizigo yake na kurudi kwao. Hayo yote yajulikana. Jambo lisilozungumzwa sana ni habari za yule ampokeaye mlangoni, yaani mkewe. Yeye hana tarehe ya kustaafu, wala hakuna mkubwa amwandikiaye barua ya shukrani.

Desturi hii ya mume kukaa mjini na mke kukaa shambani si ya jana. Ilianza tangu zamani za kodi ya nyumba, wanaume walipolazimika kwenda Nairobi, Mombasa au mashamba ya mkonge kutafuta fedha. Hebu msomaji apige hesabu kidogo. Mtu aliyefanya kazi mbali kwa miaka 33, naye akapata likizo ya mwezi mmoja kila mwaka, amekaa nyumbani kwake miezi 33 tu, yaani haikutimia hata miaka mitatu. Basi mtu huyo anaporudi na masanduku yake, yeye na mkewe ni kama maarusi, ila maarusi wenye mvi na wajukuu.

Mwandishi wa habari hizi alikaa siku tatu mjini Voi pamoja na mtu na mkewe walio katika hali hiyo. Mume alikuwa karani wa Serikali mjini Nairobi. Mke alibaki nyumbani akilea watoto wanne, akilima shamba chini ya vilima vya Sagalla, na kuuza mboga sokoni. Hawakupenda majina yao yachapishwe, kwa hiyo tutawaita Bwana na Bibi tu. Wao wenyewe huitana kwa jina la kifungua mimba wao, kama ilivyo ada.

Voi ni mji mdogo uliokuzwa na reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapa, na katika miaka ya mwanzo abiria walishuka Voi ili wale, kwa kuwa gari lenyewe halikuwa na behewa la chakula. Mwaka 1915, wakati wa vita, njia nyingine ilitandikwa kutoka hapa kuelekea Taveta. Mwaka 1948 nchi ya Tsavo ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na makao ya upande wa mashariki yakawekwa Voi. Ni mahali penye joto, vumbi jekundu, na mvua haba.

Mwaka wa kwanza wa kustaafu ulikuwa mgumu, nao hawakuficha. Bwana alikuwa amezoea kuamka saa kumi na moja, kuvaa tai, na kupewa chai na tarishi. Sasa aliamka saa ile ile, akavaa shati lililopigwa pasi, akakaa barazani asijue la kufanya. Siku ya kumi alinunua daftari kubwa la hesabu, akaanza kuandika mayai yaliyotagwa, mafungu ya sukumawiki yaliyouzwa, na sabuni iliyotumika. Jioni alimwita Bibi aeleze yai moja lililopungua. Bibi alilea watoto wanne na kuwasomesha bila daftari hata moja. Siku hiyo hakusema neno. Alichukua jembe lake akaenda kulala kwa dada yake Sagalla usiku mbili.

Wako watakaocheka, lakini jambo hili ni zito. Mume alidhani amerudi nyumbani kwake, kumbe ameingia katika ofisi ya mtu mwingine iliyokwisha kuendeshwa miaka zaidi ya 30 kwa taratibu zake. Mtumishi mpya, hata awe na cheti gani, huanza kwa kufundishwa kazi.

Bwana akakubali kufundishwa. Somo lenyewe lilikuwa la nyuki. Shamba la Sagalla lapakana na njia za ndovu, nao wakiingia usiku mmoja humaliza mahindi ya msimu mzima. Wakulima wa huko wamejifunza kuweka uzio wa mizinga: mizinga hutundikwa kwenye waya unaoshikilia nguzo hata nguzo, na ndovu akiusukuma waya mizinga yote huyumba, nyuki wakatoka kwa hasira. Ndovu, kwa ukubwa wake wote, humwogopa nyuki, kwani humuuma machoni na ndani ya mkonga. Bibi hukagua mizinga hiyo kama mtu anayekagua vyungu vyake. Bwana alikimbia mara tatu. Sasa hakimbii tena, na asali yeye ndiye huikamua na kuitia katika chupa. Lile daftari halikutupwa, bali limekuwa la asali peke yake, na kwa kazi hiyo Bibi alisifu kwamba hakuna mtu hodari kuliko karani.

Tuseme kidogo habari za fedha, maana nyumba nyingi huvunjika hapo. Kwa sheria ya zamani ya pensheni ya Serikali, mtumishi aweza kuchukua robo ya pensheni yake kwa mkupuo, na sehemu iliyobaki humfikia kila mwezi maadamu yu hai. (Walioajiriwa tangu Januari 2021 wamo katika mpango mwingine, ambao mtumishi hukatwa hadi asilimia 7.5 ya mshahara na Serikali huongeza asilimia 15.) Bwana alitaka mkupuo wake ununue matatu. Marafiki zake wengi walikuwa wamenunua. Bibi akamwuliza swali moja tu: je, wewe ukitangulia, mimi nitakula nini? Bwana akaenda kuuliza ofisini, akaelezwa kwamba mjane halipwi pensheni ya mumewe maisha yake yote, bali kwa miaka maalumu, kisha husimama. Tangu aanze kazi hakuwahi kulifikiri jambo hilo.

Matatu haikununuliwa. Fedha zilimaliza nyumba, zikaweka mabati mapya, mifereji na tangi la maji. Paa lao lina eneo la mita 80 za mraba hivi, na kila milimita moja ya mvua huleta lita moja kwa kila mita ya mraba. Hata Voi, ambako mvua ya mwaka ni kama milimita 500 tu, paa kama hilo laweza kutoa lita 40,000, isipokuwa yale yanayomwagika njiani. Bibi ambaye zamani alinunua maji kwa mtungi sasa huwauzia majirani miche ya mipapai na miembe. Kazi hiyo haitasimama hata kama pensheni itasimama. Kwa maoni ya mwandishi, wengi walionunua matatu wangalifaidika kama wangaliulizwa swali lile lile na wake zao, nao wakalisikiliza.

Sasa tufike kwenye matembezi, maana ndiyo sifa yao mjini. Jambo hili lilianzishwa na Bwana. Siku moja alihesabu likizo alizopata kazini, kisha akamwuliza Bibi amepata ngapi. Bibi alifikiri, akataja siku alizolazwa hospitali kwa kujifungua. Basi wakapatana: kila Alhamisi Bibi hapiki wala halimi. Bwana hupika kimanga asubuhi, maharagwe na mihogo iliyopondwa pamoja, nacho chaliwa ingawa mara nyingine chumvi hupita kiasi. Kisha hutoka wote wawili.

Alhamisi nyingi hawaendi mbali. Hupita sokoni, lakini Bibi amekatazwa kuuza siku hiyo. Hunywa chai na mahamri hotelini, akihudumiwa yeye kwanza. Mara nyingine huingia katika makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, yaliyotunzwa vizuri sana. Bwana husoma majina kwa sauti. Bibi ndiye aliyeuliza mbona hakuna majina ya wapagazi waliochukua mizigo ya jeshi hilo wakafa kwa maelfu. Ni swali la haki. Mwaka 2021 tume yenyewe inayotunza makaburi hayo ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita vile hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao kama wenzao.

Mara moja kwa mwezi huenda mbali zaidi, na huchagua kwa zamu. Walikwisha kwenda Taveta siku ya Jumatano, ambayo pamoja na Jumamosi ndiyo siku ya soko kubwa, wakarudi na mikungu ya ndizi na habari za bei. Walikwenda pia bwawa la Aruba, lililojengwa mwaka 1952 ndani ya hifadhi, wakaona ndovu wakioga. Bibi alikuwa ameishi na ndovu maisha yake yote kama adui wa mahindi. Alisema hakujua kwamba hucheza kama watoto.

Safari waliyoipenda zaidi ni ya Mombasa kwa gari la moshi la reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Walipanda lile gari la mchana linalosimama vituo vya njiani, wakalala kwa binti yao. Bibi alikuwa hajavuka bahari. Walipanda feri ya Likoni, ambayo mtu wa miguu halipi kitu, wakavuka, wakarudi, wakavuka tena. Mara ya tatu Bwana aliona haya, akidhani watu wanawatazama. Bibi akamwambia akae ufukoni, yeye atavuka peke yake. Bwana hakukubali kubaki.

Siku mwandishi alipoondoka zamu ilikuwa ya Bibi. Bwana alipendekeza ziwa Jipe, akaonyesha ramani aliyoichora kwa kalamu nyekundu. Bibi aliitazama ramani kwa adabu, kisha akachagua Wundanyi, kule juu milimani, aone wenzake wanavyopanda kabichi penye baridi. Bwana aliikunja ramani yake, akaingia ndani kutafuta sweta.