Riwaya za Jurji Zaydan na Taarikh ya Uislamu

Si watu wengi wasomao vitabu vikubwa vya taarikh kwa kupenda. Kitabu cha Imamu Tabari kina juzuu nyingi, na sanadi zake ndefu humchosha asiyekuwa mwanachuoni. Lakini mtu yuyo huyo, akisimuliwa kisa cha binti aliyefungiwa katika kasri na mjumbe aliyepanda farasi usiku kwenda kumwokoa, atakesha mpaka alfajiri. Jambo hili alilifahamu vyema Jurji Zaydan, na kwa njia hiyo aliiingiza taarikh ya Uislamu katika nyumba nyingi za Waarabu.

Zaydan alizaliwa Beirut mwaka 1861 katika nyumba ya Kikristo isiyokuwa na mali. Baba yake aliuza chakula, naye tangu utotoni alimsaidia kazi hiyo. Sehemu kubwa ya elimu yake aliipata kwa juhudi zake mwenyewe. Alihamia Misri, na mwaka 1892 akaanzisha Cairo gazeti la kila mwezi liitwalo Al-Hilal. Baina ya mwaka 1891 na 1914, mwaka aliofariki, alitunga riwaya 22 za taarikh, na nyingi zilitoka katika gazeti hilo sehemu kwa sehemu. Humo mna kufunguliwa Misri na Andalus, kuuawa Sayyidna Ali (r.a.) mwaka 40 Hijria, msiba wa Karbala, enzi ya Harun al-Rashid, hata siku za Salahuddin na Malkia Shajarat al-Durr.

Desturi yake ilikuwa kutwaa tukio la kweli, kisha kutia ndani yake kijana na binti wapendanao, wakatenganishwa na fitina za wakubwa. Alisema kwamba watungaji wa Ulaya huifanya taarikh itumikie riwaya, lakini yeye ameifanya riwaya itumikie taarikh. Vitabu vyake vikafasiriwa kwa Kiajemi, Kituruki na Kiurdu, na katika miaka ya 2011 na 2012 kadhaa vikatoka kwa Kiingereza. Wako watu wasiopata kufungua kitabu cha taarikh hata kimoja, nao wanamjua Abu Muslim wa Khurasani kwa sababu yake.

Faida hiyo ni kubwa, wala haifai kuikanusha. Lakini na tutazame riwaya yake ya mwaka 1906, iitwayo Abbasa, Dada wa Rashid. Humo yaelezwa kwamba Khalifa alimwoza dada yake kwa Waziri Ja'far al-Barmaki kwa sharti wasikaribiane. Wakakaribiana, wakazaa, na kwa ajili hiyo Ja'far akauawa. Kuuawa kwa Ja'far mwaka 187 Hijria, yaani 803, ni kweli. Na kisa cha Abbasa Zaydan hakukizua, kwani kimo katika Tabari. Lakini Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, alikwisha kukikataa katika Muqaddima yake. Alisema kuwa Wabarmaki walianguka kwa sababu waliishika dola na mali yake yote, hata Khalifa mwenyewe akawa huomba fedha kidogo asipate.

Basi fikiri, ewe msomaji: hoja ya Ibn Khaldun wameisoma wangapi, na kisa cha mapenzi wamekisoma wangapi? Abbasa alikuwa mtu kweli, binti wa Khalifa Mahdi. Leo hawezi kujitetea, na heshima yake imo mikononi mwa wasomaji wa riwaya. Tunajua uzito wa kumsingizia mwanamke mtahirifu katika dini yetu. Je, uzito huo huondoka akiwa amekufa zamani?

Kwa hivyo mzazi asimnyang'anye mwanawe riwaya, maana huenda ndiyo itakayomfikisha kwenye elimu. Na amwulize amalizapo: katika watu hawa, ni nani aliyeishi, na ni nani aliyebuniwa? Mapenzi haya yametajwa na nani, na nani ameyakataa? Kisha wafungue pamoja kitabu cha taarikh, watafute majibu. Mtoto aliyezoea kuulizwa hivyo hatapokea kila habari kwa kuwa ni tamu.

Wabillahi taufiq.