Nyimbo za Askari: Habari za «Funga Safari» na Nduguze

Kufunga safari ni maneno ambayo kila mtu huyatumia, hata yule aendaye mjini kwa siku mbili na mfuko mmoja mkononi, wala hakuna afikiriye kamba. Lakini wapagazi wa zamani waliofuata njia ya Bagamoyo na Tabora walifunga kweli. Kila asubuhi, kabla ya jua kupanda, mzigo ulikazwa kwa kamba, ukainuliwa kichwani au begani, na msafara ukaondoka. Frasila moja ilikuwa ratili 35 hivi, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Mtu aliyebeba uzito huo hawezi kwenda kimya. Aliimba; na kuimba kwake ndiko tunakotaka kukueleza leo, maana wimbo wa askari katika nchi zetu ni mtoto wa wimbo wa mpagazi.

Wimbo uitwao «Funga Safari» uliimbwa na askari wa KAR katika vita vya 1914 hata 1918, na tena katika vita vya 1939 hata 1945. Ukiuchungua umbo lake, utaona kwamba si utenzi wala shairi. Hauna vina vya kuhesabiwa, wala mizani iliyopimwa na fundi. Una mwimbishaji mmoja na waitikiaji wengi, na kati yao una swali na jibu: huulizwa ni nani aliyetoa amri ya kuondoka, nao hujibu kwa kumtaja mkubwa wao na kikosi chao. Basi, ni hayo tu. Hausifu ushujaa, hautaji adui, wala hausemi sababu ya vita. Mgeni akiusikia mara ya kwanza huona ni wimbo mtupu.

Sisi hatukubali ya kuwa ni mtupu. Kwanza, mguu ndio ulioutunga. Swali huangukia hatua moja na jibu huangukia nyingine, hata aliyechoka hachukuliwi na nguvu zake tena ila huchukuliwa na jibu la wenzake. Pili, swali lenyewe ni swali la kweli. Mtu aliyetoka Songea au Machakosi au Zomba, akaambiwa aende kupigana na watu asiowajua kwa ajili ya ugomvi uliozaliwa Ulaya, alikuwa na haki ya kuuliza ni amri ya nani. Wimbo ulimpa nafasi ya kuliuliza kwa sauti kubwa mbele ya mkubwa wake mwenyewe, bila kupigwa. Yawezekana mkubwa alisikia sifa, na askari akasikia neno jingine. Nyimbo nyingi zipendwazo na askari zina pande mbili hivi, na mwalimu azisomaye kwa upande mmoja tu hajazisoma.

Maneno ya jeshi yenyewe yastahili kutazamwa, kwa kuwa yaonyesha njia alizopitia askari kabla ya kufika kwetu. «Askari» ni neno la Kiarabu. «Risasi» kadhalika, nalo maana yake ya asili ni madini ya risasi. Wissmann alipoandika askari wa Kisudani huko Misri katika mwaka 1889 ili kuwaletea Wadachi jeshi la pwani, vyeo vya Kituruki vilikuja pamoja nao: ombasha, shaushi, betshaushi, soli, efendi. Vyeo hivyo vilidumu katika jeshi la Wadachi mpaka mwisho wake. Kutoka Kiingereza tukapata koplo, sajini, kapitani na beni. Basi, katika wimbo mmoja mfupi mtu aweza kukutana na Mwarabu, Mturuki, Mwingereza na Mnyamwezi wakitembea safu moja.

Hapo ndipo lilipoanza lile neno la aibu, yaani Kiswahili cha KAR, ambacho watu wa pwani walikicheka na walimu wakakikataza. Askari walitoka katika makabila mengi, wakakutana kambini, wakafundishwa kwata kwa Kiswahili cha amri. Upatanisho wa ngeli uliachwa nyuma. Badala ya kusema «mzigo huu ni mzito», askari alisema «mzigo hii mzito»; na «hii» hiyohiyo ilitumika kwa watu, kwa milima na kwa chakula. Tunakiri kwamba tulipokuwa vijana chuoni sisi nasi tulicheka. Tuliyarekebisha maneno ya wazee kama tusahihishavyo daftari la mtoto wa darasa la tatu. Tumejifunza baadaye ya kuwa kulikuwa na hasara: wimbo uliosahihishwa huvunjika miguu. Ukiongeza silabi mbili ili ngeli ipatane, hatua haiangukii tena mahali pake, na mzee aliyeuimba Burma hawezi kuuimba tena mbele yako.

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito zaidi. Vita vya kwanza katika nchi hii havikupiganwa na askari tu. Farasi na ng'ombe walikufa kwa ndorobo, motokari hazikuweza kupita matopeni, na kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa kichwani na mtu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa kwa bunduki, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa njaa. Jina la kikosi chao, yaani Carrier Corps, limebaki katika mitaa ya miji: Kariakoo huko Dar es Salaam, na Kariokor huko Nairobi. Watu hununua nyanya Kariakoo kila siku wala hawajui kwamba wanalitamka jina la kambi ya wapagazi.

Katika mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, pamoja na maneno ya Rudyard Kipling yaliyoandikwa kwa lugha tatu, Kiswahili kikiwamo. Maneno hayo yawaahidi waliokufa kwamba watakumbukwa na wana wao. Ni ahadi njema. Lakini jina la mpagazi hata mmoja halikuchongwa hapo. Ilipofika Aprili 2021, tume ya Uingereza iangaliayo makaburi ya vita ilitoa taarifa na kukiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni mwezi ule ule.

Tunawaomba ndugu zetu mapadre na walimu waipime habari hiyo vizuri. Kwa muda wa miaka mia moja watu hao hawakuwa na jiwe wala kitabu. Walikuwa na nini? Walikuwa na nyimbo, zilizoimbwa na wajane na watoto wao, na na wenzao waliorudi wakiwa wamekonda. Wimbo wa mpagazi hausemi ushindi. Wasema mzigo, wasema njaa, wasema umbali wa nyumbani. Twaona kwamba huo nao ni heshima kwa utumishi, pengine heshima iliyo kubwa kuliko ile ya sanamu, kwa kuwa waitoao ni wale wenye kujua.

Ngoma ya beni yahitaji maneno machache, ijapokuwa wengine wameandika kitabu kizima juu yake. Kile cha Terence Ranger, kilichotoka mwaka 1975, ndicho mashuhuri. Ilianza katika miji ya pwani, Mombasa na Lamu, mnamo miaka ya mwisho ya karne ya 19, vijana wakiiga bendi za jeshi kwa tarumbeta, ngoma na mavazi ya kizungu. Vyama vyake vikubwa viliitwa Marini na Arinoti. Kila chama kilikuwa na Kingi wake, majenerali wake na waganga wake wa hospitali. Vita vya 1914 viliichukua beni bara, nao askari wa pande zote mbili waliicheza. Wamisheni wengi waliichukia kwa sababu ya gharama zake na mashindano yake, nao hawakukosea katika yote. Lakini yafaa kukumbuka kwamba chama kilichocheza Jumamosi ndicho kilichomzika mwanachama aliyekufa Jumanne mbali na kwao. Kando ya Ziwa Nyasa watoto wa beni wapo hata leo: malipenga, ichezwayo kwa tarumbeta za vibuyu, na mganda, ambamo wacheza hujipanga safu kama askari wa kwata, na mabibi huwatazama kwa furaha.

Vita vya pili viliwapeleka askari wetu mbali zaidi: Uhabeshi katika 1941, Madagaska katika 1942, kisha Burma katika 1944, walipopita bonde la Kabaw katika mvua na matope mpaka mto Chindwin. Njiani walipatwa na msiba mkubwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail, iliyokuwa ikitoka Kilindini kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Wajapani. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Nyimbo za wakati huo zilibadilika. Askari alikuwa na barua, alikuwa na magazeti ya Kiswahili, na jeshi lilikuwa na kikundi cha burudani, ambamo alitumika kijana mpiga gitaa wa pwani ya Kenya, Fundi Konde. Waliorudi walileta gitaa, na nyimbo zilizopendwa sana katika miaka ya 1950 zilibeba sauti hiyo. Mwenye kutafuta mzizi wa muziki wa dansi wa mijini asiende madukani peke yake. Aende na kambini.

Walakini si kila wimbo wa askari unastahili kusifiwa. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, Mwalimu Nyerere akatangaza vita Novemba, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Nyimbo za mchakamchaka zilizozaliwa wakati huo ziliingia shuleni, na watoto wakazikimbilia kila asubuhi kwa miaka mingi, hata wale waliozaliwa baada ya vita kwisha. Baadhi yake zilimheshimu askari wetu aliyelala Kaboya. Nyingine zilikuwa matusi juu ya adui na furaha ya kifo chake, nasi tuliziimba kwa bidii bila kufikiri. Twadhani kwamba askari waliorudi hawakuzipenda kama tulivyozipenda sisi watoto. Tumewauliza wachache, nao walitaka nyimbo za kumtaja mwenzao.

Maandiko Matakatifu yanayo yote mawili. Debora aliimba ushindi, wala hakumhurumia mama yake Sisera aliyekuwa akingoja dirishani. Lakini Daudi, alipoletewa habari za Gilboa, aliomboleza Sauli na Yonathani kwa wimbo mmoja, ijapokuwa Sauli alikuwa amemwinda milimani kama kwale. Akaagiza wana wa Yuda wafundishwe wimbo huo. Mchungaji akiulizwa ni wimbo gani ufaao ibada ya ukumbusho, anacho kipimo hapo.

Twasema hivyo kwa sababu ya jambo tuliloliona wenyewe. Katika mwaka 1998 alizikwa mzee mmoja aliyepigana Burma. Alikuwa amewaagiza wanawe wamwimbie wimbo wa kikosi chake watakapomtoa nyumbani. Wazee wa usharika walikataa, wakisema kwamba ni wimbo wa dunia na kwamba Kiswahili chake ni kibovu. Sisi tuliombwa shauri, nasi tulikubaliana nao, kwa kuwa tulikuwa vijana na tuliogopa. Ikaimbwa tenzi, jeneza likaenda.

Kwa hiyo, mwalimu aliye na mzee wa jeshi katika kijiji chake, awe wa Kagera au mtoto wa mtu wa KAR, aende akamsikilize. Aandike maneno kama yalivyotamkwa, asisahihishe ngeli hata moja. Atie alama mahali mguu unapoanguka. Aandike ni nani aliyeimbisha, na waitikiaji walijibu nini, na wimbo uliimbwa wapi: njiani, kambini au kaburini. Aulize na majina yatajwayo ndani yake, kwa maana mara nyingi hayo ni ya watu waliokufa, na huenda hayakuandikwa mahali pengine. Kama mzee akilia, afunge daftari.

Na yule mzee wa mwaka 1998? Mkewe hakukubali shauri letu. Watu walipokwisha kutawanyika, alirudi kaburini pamoja na wajukuu wawili, akauliza lile swali la amri kwa sauti yake nyembamba, nao watoto, ambao walikuwa wamefundishwa na babu yao, wakamwitikia.