Sifa Inajenga Kuliko Fimbo: Juu ya Malezi Katika Kalasi

Ndugu waseminari, wengi kati yenu mtaongoza siku moja parokia yenye masomo. Mwalimu atakuja kuwauliza: «Padri, watoto hawa hawasikii, tufanye nini?» Inafaa tufikiri mapema.

Hapa Kipushi shida ni ya kweli. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali, pamoja na yale ya misioni yanayopatana nayo, hayalipishi tena wazazi. Ni jambo jema, lakini kalasi zimejaa. Mwalimu mbele ya kundi kubwa anachoka, na mkono unakwenda kwa fimbo. Fimbo inaleta kimya, lakini kimya siyo utii. Mtoto anajifunza kujificha na kusema uongo. Mwenye woga zaidi anaacha masomo, anapotea sokoni au machimboni. Hapo hatupotezi saa ya somo tu, tunapoteza mtoto.

Wasalesiani walifika Katanga mwaka 1911, na mafundisho ya Mtakatifu Yohane Bosco yalifika pamoja nao. Katika andiko fupi la 1877, yeye alitofautisha njia mbili za kulea. Moja inangoja kosa, kisha inaazibu. Ingine inazuia kosa mbele halijafanyika, nayo inasimama juu ya mambo matatu: akili, dini na upendo. Tena upendo huo mtoto auone kwa macho yake.

Katika kalasi njia hii ni namna gani?

Kwanza, amri ziwe chache, nne au tano, nazo ziseme la kufanya: «Tunainua mkono mbele ya kusema.» Mwalimu aeleze sababu yake.

Pili, mwalimu awe kati ya watoto. Afike mbele yao, atembee katikati ya viti, aangalie michezo yao.

Tatu, asifu tendo lenyewe, palepale. Asiseme tu: «Wewe ni mtoto mwema», bali: «Umemwazima mwenzako kalamu bila kuombwa, vizuri.» Hivi kalasi nzima inajua ni tendo gani linalopendeza. Lakini asisifu uongo, kwani watoto wanatambua upesi.

Nne, awape kazi: kufuta ubao, kugawa kaye, kuongoza sala. Mtukutu akiaminiwa, mara nyingi anabadilika.

Tano, amwonye mkosaji pembeni, kwa sauti ya chini, si mbele ya wenzake.

Wengine watajibu: «Samaki mkunje angali mbichi.» Ndiyo, lakini kukunja siyo kuvunja. Hatusemi makosa yaachwe. Aliyechafua ukuta aufute. Aliyetukana aombe radhi. Azabu ya namna hii inafundisha, wala haijeruhi. Hata sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto na jeuri.

Ninyi mtakaotumwa kufundisha, jaribuni hivi: kila jioni andikeni majina ya watoto mliowasifu, na sababu. Siku ya posho angalieni ni jina gani halikuandikwa hata mara moja. Siku ya kwanza ya juma, anzeni na mtoto yule.