Umempa Funguo, Je, Umempa na Duka?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi tulio ughaibuni tunaujua ukweli huo vizuri: mwili uko Uarabuni, biashara iko nyumbani, na simu ndiyo fimbo yenyewe.

Sisi ni ndugu wawili. Mmoja anafanya kazi za ndani Muscat, mwingine anafunga nondo saiti Doha. Tuliunganisha akiba tukafungua duka la vyakula Makorora, Tanga, tukamweka mdogo wetu. Lakini kila uamuzi tukaushika sisi: bei ya mchele, nani akopeshwe, hata mifuko ya kufungia. Tulijiona wasimamizi wazuri. Kumbe sisi ndio tulikuwa kikwazo.

Wiki moja kabla ya Ramadhani, muuzaji wa jumla alipita na sukari kwa bei nafuu. Mdogo wetu akapiga simu. Muscat simu haishikwi mpaka watoto wa bosi walale. Doha huwezi kupokea ukiwa juu ya jukwaa la ujenzi. Tulipompigia usiku, mzigo ulishachukuliwa na duka la jirani. Mfungo ukaanza hatuna sukari. Na mteja akikosa sukari kwako, unga na mafuta pia atanunua hukohuko alikoipata.

Tulimfokea. Akajibu taratibu, "Kaka, dada, mmenipa funguo, hamjanipa duka."

Gawa kazi mafungu matatu

Ijumaa iliyofuata tuliandika kila jambo lililotufanya tupigiane simu wiki ile, tukayagawa. Fungu la kwanza ni yetu: kuchukua mkopo, kodi ya fremu, kuajiri mtu, kutoa faida. La pili ni yake: mzigo wa kawaida, bei, wateja. La tatu ni ya kuacha kabisa, kama ile ya kuuliza "umeuza ngapi?" mara tatu kwa siku. Fungu letu ndilo lilikuwa dogo kuliko yote!

Ukikabidhi kazi, kabidhi na mamlaka

Tulimwekea mpaka. Chini ya shilingi 300,000 ananunua bila kuuliza. Zaidi ya hapo anatuma ujumbe wa mistari mitatu: anataka kununua nini, kwa bei gani, na jibu linahitajika lini. Asipojibiwa mpaka magharibi, anaamua mwenyewe na hatumlaumu.

Tulijaribiwa mapema. Alinunua maharage yaliyotobolewa na wadudu, tukapata hasara ya shilingi 80,000. Iliuma, bana. Mmoja wetu alitaka turudi kwenye mtindo wa zamani. Tukaikumbuka ile sukari. Tulimwambia jambo moja tu: siku nyingine afungue na gunia la chini, si la juu peke yake. Hajarudia kosa hilo.

Mlipe

Ndugu asiyelipwa hujilipa. Tulikuwa tunasema "si duka la familia?", naye alikuwa anachota kwenye droo akiwa na shida. Hatukuweza kumuita mwizi, maana hatukuwahi kukubaliana chochote. Sasa ana mshahara unaojulikana, na akichukua hata kilo ya sukari anaiandika.

Anayeuza asiwe anayehesabu

Kumwamini mtu hakukuzuii kukagua. Kila mwisho wa mwezi shangazi yetu anahesabu bidhaa zilizobaki dukani. Wanaolipa kwa simu wanatumia Lipa Namba, hivyo kumbukumbu inabaki. Daftari linapigwa picha kila usiku na kutumwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hiyo ni hata kama mwenye duka amelala palepale mlangoni.

Linda muda wako

Saa za Tanga na Doha zinalingana, Muscat iko mbele kwa saa moja. Tumechagua Ijumaa saa kumi alasiri ya Tanga, nusu saa tu. Maswali ni matatu: mzigo gani unakaribia kuisha, nani tunamdai au anatudai, na uamuzi gani unatusubiri sisi. Dharura kama wizi, moto au ugonjwa haisubiri Ijumaa: anapiga mara mbili mfululizo, tunajua ni jambo zito. Zamani kila simu ilikuwa dharura, na mmoja wetu alishaonywa na msimamizi wa saiti kwa kushika simu kazini. Ukifukuzwa kazi, duka hilo utaliongezea mtaji kwa mshahara upi?

Wapambanaji wenzetu, iwe ni duka, bodaboda, kuku au nyumba inayojengwa, anzeni na karatasi moja wiki hii. Andika mambo yote unayoamua wewe, kisha ukate yale ambayo aliye pale anayaona vizuri kuliko wewe.

Ijumaa iliyopita mambo ya duka yaliisha kwa dakika kumi na mbili. Zilizobaki tuliongea na mama.