Kufuli la Usukani: Kinga ya Ndege Ndogo Iliyoegeshwa

Katika viwanja vidogo vya ndege vya Kabunde, Homa Bay, na Lichota, Migori, ndege nyepesi iliyoegeshwa nje hukabiliwa na upepo wa ghafla unaotangulia mvua, ambao hupigapiga vibao vya usukani, yaani sehemu zenye bawaba kwenye mabawa na mkia zinazoielekeza ndege, hadi bawaba zikalegea.

Kinga yake ni kufuli la usukani, ambalo katika Cessna 172 ni pini ya chuma inayopenyezwa kwenye tundu la mhimili wa usukani. Wapo wanaojitengenezea kwa kukunja msumari mnene, au wanaobana kibao cha bawa kwa vipande viwili vya mbao vilivyowekewa sponji ili visikwaruze bati.

Hatari kubwa ni kusahau kulifungua, kwani tarehe 30 Oktoba 1935 ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka Ohio, Marekani, baada ya kuruka vibao vyake vikiwa vimefungwa, na ajali hiyo ikazaa orodha ya ukaguzi ya marubani. Ndiyo maana pini hufungiwa utepe mwekundu na kibati kinachofunika swichi ya injini, ili mkono wa rubani ukutane nacho kwanza.